Kiunzi cha Nje ya Seli: Historia ya Kitu na Jina Lake

Mfasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe, na mwalimu anayeifundisha kwa Kiswahili, hawakosi kukutana na kitu ambacho jina lake linawasumbua. Nacho ni mafumano ya nyuzi na ute yaliyo nje ya seli, ambayo seli zenyewe huyatengeneza na kushikamana nayo. Mfupa, gegedu, kano na ngozi kwa sehemu kubwa ni kitu hicho. Katika makala haya twakusudia kueleza historia yake, kwa kuwa jina baya liliwahi kuificha kazi yake, na Kiswahili hakina sababu ya kurithi kasoro hiyo.

Tuanze na majina ya jirani zake. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alieleza jinsi alivyotazama kwa hadubini gome litumiwalo kutengenezea vizibo, akaona vijumba vitupu, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Ndiko ilikotoka seli. Mwaka 1801 tabibu Mfaransa Xavier Bichat alieleza aina 21 za tishu bila kutegemea hadubini. Neno lake lilimaanisha kitu kilichofumwa. Bichat, basi, aliona kitambaa. Lakini Schleiden na Schwann walipotangaza, mwaka 1838 na 1839, kwamba mimea na wanyama wameundwa kwa seli, macho ya wataalamu yaligeukia vyumba, na kuta zikasahauliwa. Kilichokuwa nje kikaitwa kitu cha baina ya seli, kana kwamba ni udongo wa kuzibia nyufa.

Hata hivyo, ulikuwako ugonjwa uliokwisha kuonyesha kwamba udongo huo una uhai wake. Ugonjwa huo ni kiseyeye, na kumbukumbu zake za kale zinaigusa pwani yetu. Mwanzoni mwa mwaka 1498 mabaharia wa Vasco da Gama waliugua katika mwambao wa Msumbiji ya leo: mikono na miguu ikavimba, fizi zikafunika meno. Mwezi Aprili walifika Mombasa, wakaletewa machungwa na malimau, na wagonjwa wakapona. Mwandishi wa safari akaisifu hewa ya mji. Walipotoka Bara Hindi, safari ya karibu miezi mitatu iliua watu wapatao 30, na walipotia nanga Malindi mwezi Januari 1499 waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1747 James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi.

Taarifa ya safari ya Anson, ya mwaka 1740 hadi 1744, ina jambo la ajabu zaidi. Mtu mmoja aliyekuwamo melini alikuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne, huko Ireland, mwaka 1690. Alipopatwa na kiseyeye, majeraha yaliyopona zamani yalifunguka upya. Sababu yake twaijua leo. Kovu limefumwa kwa kolajeni, protini iliyopewa jina la Kigiriki lenye maana ya kizaa gundi, kwani ngozi na mifupa ikichemshwa hutoa gundi. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, na vimeng'enya vinavyozikamilisha ili zishikane vinahitaji vitamini C. Vitamini ikikosekana, kamba hulegea, mishipa midogo huvuja, fizi hutoka damu. Nalo kovu, hata likiwa la miaka 50, hufumuliwa na kufumwa tena daima. Ufumaji ukikoma, hubaki ufumuaji peke yake.

Kuzidi nako ni ugonjwa. Kandokando ya Ziwa Viktoria wako wagonjwa wa kichocho cha tumbo ambao mayai ya minyoo yamekwama katika maini yao. Mwili huyazingira kwa kovu, kolajeni hurundikana, njia za damu hubanwa, na hatimaye mgonjwa aweza kutapika damu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini kovu lililokwisha kufumwa huchelewa kupungua.

Mwaka 1982 Mina Bissell na wenzake, huko Marekani, walitoa hoja kwamba kilicho nje ya seli hupeleka habari hadi kwenye kiini na kuathiri kazi ya jeni. Utafiti uliofuata umeithibitisha kwa mapana. Kwa hiyo jina lisemalo "baina" tu halitoshi.

Tufasiri vipi, basi? Jina la kimataifa latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mji wa mimba. Kulitohoa kuwa matriksi kutamchanganya mwanafunzi wa hisabati, wala hakutamfundisha neno. Kijazo ni upotofu. Mfumo lingefaa sana, kwa kuwa asili yake ni kufuma, lakini limekwisha kushikwa na maana nyingine. Twapendekeza kiunzi, litokalo katika kuunda, nalo lafahamika kwa mafundi wa vyombo. Yako mapingamizi mawili: kiunzi cha mifupa ni kitu kingine, na kiunzi cha jahazi hakijifumui kila siku. La kwanza lajibiwa kwa kutoyaacha kamwe maneno "cha nje ya seli". La pili lahitaji fasili kamili, nayo twaitoa hivi:

Kiunzi cha nje ya seli (ki-/vi-): mafumano ya nyuzi za protini na ute, yanayotengenezwa, kufumuliwa na kufumwa upya na seli, yanayozishikilia na kuziongoza.

Afisa wa afya atakayemweleza mgonjwa wa ini kwamba kovu ni kazi ya seli hai, wala si uchafu uliokwama, atakuwa amesema kweli. Istilahi imsaidie kusema hivyo.