Karo ya Anga: Nani Alilipa, Nani Alivuna

Kituo cha metro cha mtaa wa Discovery Gardens, Dubai, kwenye reli nyekundu, kilianza kupokea abiria Januari 2021. Jirani na mtaa huo lipo jumba la maduka la Ibn Battuta, lililofunguliwa 2005 na kupewa jina la msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ndani yake imening'inizwa sanamu ya Abbas ibn Firnas, Mwandalusia wa karne ya 9 anayesimuliwa kuwa alijaribu kuruka kwa mabawa. Wanunuzi hupita chini yake na mifuko yao.

Oktoba 2021, kwenye reli hiyohiyo nyekundu, World Trade Centre ilipokea Kongamano la 72 la Kimataifa la Safari za Anga, la kwanza katika nchi ya Kiarabu. Shirikisho linaloliandaa, lililoasisiwa 1951, lina ruzuku ya kuwawezesha vijana chipukizi wa sekta hii kuhudhuria. Lakini Dubai haikufika hapo kwa ruzuku za wengine.

Mwaka 2006 iliunda taasisi ambayo leo ni Kituo cha Anga cha Mohammed bin Rashid. Iliponunua setilaiti kwa kampuni ya Satrec Initiative ya Korea Kusini, ilinunua na elimu: wahandisi wake walihamia Korea kujifunza huku wakifanya kazi. DubaiSat-1 ilirushwa 2009, DubaiSat-2 ikafuata 2013. KhalifaSat, ya 2018, ilikamilishwa Dubai kwa mikono ya Waimarati wenyewe. Mafunzo ya wanaanga yakalipiwa na mfuko wa TEHAMA wa mamlaka ya mawasiliano, na Septemba 25, 2019, Hazza Al Mansouri akaenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mfuko wa anga wa dirham bilioni 3.

Pwani yetu ilitangulia mbali. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 mwaka 1967 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Desemba 12, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, Waitaliano waliirushia Marekani hapohapo setilaiti ya kwanza mahsusi ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Sisi tulitoa bahari na ikweta; utaalamu ulirudi Roma na Washington.

Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani Mei 2018 kupitia nafasi iliyotolewa na Umoja wa Mataifa na Japani. Ilikuwa miaka 51 baada ya San Marco 2. Uganda nayo ilipeleka wahandisi vijana watatu katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Wakatengeneza PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022.

Tofauti ya Dubai na Malindi haiishii kwenye utajiri wa mafuta. Dubai iliandika mafunzo ndani ya mkataba. Kwetu yalisubiri hisani. Wabunge wanaoidhinisha mikataba ya vituo vya anga waanze na swali moja: vijana wetu wangapi watasomeshwa, na nani analipa? Mkataba usiojibu hilo usitiwe saini.