Nani Aagize Kipimo? Muuguzi na Mgonjwa wa Dharura katika Historia

Mgonjwa aliyeumia kifundo cha mguu anapofika idara ya dharura, mtu wa kwanza kumpokea kwa kawaida ni muuguzi. Kwa miaka mingi muuguzi huyo aliweza kuona kuwa picha ya eksirei inahitajika, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiagiza. Mgonjwa alimsubiri daktari, akaenda kupigwa picha, kisha akarudi kumsubiri daktari tena. Insha hii inadai kuwa kilichobadili utaratibu huo si uhaba wa madaktari pekee, bali pia kanuni zilizoandikwa.

Kupanga wagonjwa kwa uharaka kuna mizizi vitani. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi wahudumiwe kwa uzito wa majeraha yao, si kwa vyeo vyao. Upangaji huo ulitegemea macho na mikono. Vipimo vilikuja baadaye, na mwanzoni vilikuwa mali ya daktari. Mwaka 1868 Carl Wunderlich, daktari wa Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu joto la mwili katika maradhi. Leo kipimajoto ni chombo cha kila siku cha muuguzi. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, haikushuka upesi hivyo, kwa kuwa ina gharama na mionzi.

Mwaka 1992, Ian Stiell na wenzake nchini Kanada walichapisha kanuni za Ottawa za kifundo cha mguu. Walikuwa wameona kwamba wengi waliopigwa picha hawakuwa wamevunjika. Kanuni zao huuliza mambo machache: je, mfupa unauma ukibonyezwa sehemu maalumu? Je, mgonjwa anaweza kutembea hatua nne? Zilitungwa kwa ajili ya madaktari, lakini kanuni ikishaandikwa, mwenye mafunzo anaweza kuifuata. Baadaye wauguzi wa mapokezi nao walianza kuzitumia.

Wapo wanaohofia kuwa wauguzi wataagiza vipimo ovyo. Hofu hiyo ina msingi, kwani kipimo kisichohitajika hurefusha foleni. Hata hivyo, kanuni nzuri humwambia muuguzi pia wakati wa kutoagiza.

Hapa Uganda suala hili si geni. Kituo cha afya cha daraja la pili huongozwa na muuguzi, si daktari. Tangu Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2010 kwamba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya tiba, kipimo cha haraka cha tone la damu kimekuwa sehemu ya kazi yake. Kama tunamwamini huko kijijini, ambako hana daktari wa kumuuliza, ni vigumu kueleza kwa nini tumnyime imani hiyo katika hospitali kubwa, ambako daktari yuko chumba cha pili.