Dola mia sita za George na Lennie

Kitabu chenyewe ni chembamba. Ukikianza baada ya chakula cha mchana utakuwa umekimaliza kabla ya magharibi. John Steinbeck alikichapisha mwaka 1937 akakiita Of Mice and Men, jina aliloliazima kwenye shairi la Robert Burns, mshairi wa Uskoti wa karne ya 18, juu ya panya aliyevunjiwa kiota chake na plau. Wengi wanakikumbuka kwa mambo mawili: urafiki wa George na Lennie, na ule mwisho unaouma. Mimi leo nataka tukisome kwa kalamu na karatasi ya hesabu, kwa sababu ndani ya kitabu hiki karibu kila kitu kina bei, na bei zenyewe mwandishi amezitaja.

Kwanza tuwajue hawa watu ni kina nani. Mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba George na Lennie ni miongoni mwa wale wakimbizi wa vumbi na ukame, familia zilizotoka Oklahoma na majimbo jirani katika miaka ya 1930 zikaelekea California na magodoro juu ya gari. Sivyo. Hao wamo katika kitabu kingine cha Steinbeck, The Grapes of Wrath cha 1939, na huko wanasafiri na bibi, babu na watoto. George na Lennie ni wa kizazi cha kabla yao: vibarua wa kiume wasio na wake, blanketi mgongoni, wanaofuata mavuno ya nafaka kutoka shamba hadi shamba. Kitabu kilipotoka, watu wa aina hiyo walikuwa wameanza kupungua, maana mashine za kuvunia zilikuwa zinachukua nafasi zao.

Steinbeck aliwajua kwa karibu. Alizaliwa Salinas mwaka 1902, na kati ya 1919 na 1925, alipokuwa akiingia na kutoka Chuo Kikuu cha Stanford bila kuchukua shahada, alifanya kazi kwenye mashamba ya kampuni ya sukari ya Spreckels akilala bweni moja na vibarua. Mwaka 1937 aliliambia gazeti la New York Times kwamba Lennie alikuwa mtu wa kweli, kwamba alifanya naye kazi wiki nyingi, na kwamba mtu huyo hakuua mwanamke bali alimuua mnyapara. Kwa hiyo anapoeleza bweni, anaeleza chumba alichokijua: kitanda, na juu yake sanduku la matofaa lililopigiliwa ukutani, humo ndimo kibarua anaweka sabuni, wembe na dawa zake. Mali yake yote inaenea kwenye sanduku la matunda.

Sasa tuje kwenye upweke. Tumezoea kuusoma upweke wa kitabu hiki kama hali ya moyo, huzuni fulani iliyotanda juu ya bonde la Salinas. Hata mji ulio karibu na shamba unaitwa Soledad, neno la Kihispania lenye maana ya upweke, na ni mji halisi, hakuubuni. Lakini ukitazama vizuri utaona upweke huu una utaratibu wake. Kibarua anapata kazi kwa wakala mjini San Francisco, anapewa kadi, anapanda basi, anafika kwa bosi asiyemjua, analala kitanda kilichoachwa jana na mtu asiyemjua, na mwisho wa mwezi, au hata kabla, anaondoka. Nani atajenga urafiki hapo?

Ndiyo maana bosi anamtilia shaka George. Anaona huyu mwanamume mdogo anamjibia mwenzake mkubwa kila swali, na kinachomjia kichwani mara moja ni kwamba anamwibia mshahara. Kwani kuna sababu gani nyingine ya mtu kumjali mwenziwe? George inabidi adanganye, aseme ati ni binamu yake. Slim, dereva wa baghala na mtu anayeheshimiwa kuliko wote bwenini, naye anashangaa kuwaona wanasafiri pamoja, ila mshangao wake hauna ubaya. Mimi naona hizo kurasa chache ndizo zinazoeleza historia ya kazi ya shamba kuliko hotuba yoyote: urafiki umekuwa kitu cha kutolewa maelezo ofisini.

Haya, hesabu. Mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Shamba dogo analolitaka George ni la ekari kumi, lina nyumba, banda la kuku na kinu cha upepo. Wenyewe ni wazee wawili wenye shida ya fedha, na anaamini watalitoa kwa dola 600. George na Lennie wakiweka mishahara yote miwili bila kugusa senti, ni miezi sita. Miezi sita tu! Hii si ndoto ya kuwa tajiri. Ni nusu mwaka wa kubeba magunia ya shayiri.

Mbona basi hakuna anayefika? Jibu liko kwa Whit, kijana wa bwenini, anapomweleza George bei za mjini: dola mbili na nusu kwa mwanamke, senti 25 kwa kikombe cha wiski. Jumamosi usiku mtu mpweke anakwenda kununua saa chache za kutokuwa mpweke, na akiba inaishia hapo. Kumbuka George mwenyewe, usiku wa kwanza kando ya mto, akimfokea Lennie: peke yangu ningechukua hamsini zangu nikakeshe mjini. Anayemzuia ni Lennie, mtu asiyeweza kukumbuka hata wanakwenda wapi. Kila mmoja ni sanduku la akiba la mwenzake. Kwa maana hiyo urafiki katika kitabu hiki si pambo la moyo. Ndio unaofanya hesabu iwezekane.

Anayeifanya isogee kabisa ni Candy, mzee mfagiaji wa bweni. Miaka minne nyuma alipoteza mkono kwenye shamba hilihili, akalipwa fidia ya dola 250. Ana nyingine 50 benki, na 50 zinakuja mwisho wa mwezi. Jumla 350. George anapiga hesabu upya: wakifanya kazi mwezi mmoja, watakuwa na 450, na kwa hizo wale wazee wanaweza kukubali. Mwezi mmoja. Bweni linanyamaza, maana hakuna aliyewahi kuiamini mpaka dakika hiyo. Na angalia kilicholipia imani hiyo: mkono wa mtu.

Candy ana haraka, na haraka yake ina sababu. Muda mfupi kabla ya hapo wenzake wamemshawishi mbwa wake mzee apigwe risasi kwa kuwa hana kazi tena na ananuka. Candy anajua anayefuata ni nani. Mwaka 1935, miwili kabla ya kitabu kutoka, Marekani ilipitisha sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyoleta pensheni ya uzeeni, lakini vibarua wa mashamba waliachwa nje, wao na watumishi wa majumbani. Sheria ya mwaka huohuo iliyolinda haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi nayo iliwaruka. Steinbeck hataji sheria hizo hata mara moja, wala hakuhitaji. Lakini ukiwa nazo kichwani, ile ekari kumi inakuwa kitu cha kawaida kabisa: ni pensheni ya mtu asiye na pensheni.

Crooks ndiye ninayerudi kwake zaidi. Ni mtunza farasi, Mweusi pekee shambani, analala kando katika chumba chake kwenye banda la farasi kwa kuwa bwenini haruhusiwi. Kwenye rafu yake kuna kitabu cha sheria za California cha mwaka 1905, kimechakaa. Anamcheka Lennie: ameona mamia ya vibarua wakipita na shamba hilohilo kichwani, na hakuna hata mmoja aliyelipata. Maneno hayo hunukuliwa sana. Kisichonukuliwa ni kwamba Crooks alikulia kwenye shamba la kuku la baba yake, California hukohuko, ukubwa wake kama ekari kumi. Yaani ndoto ya George ni utoto wa Crooks. Anapouliza kama anaweza kwenda nao, afanye kazi kwa chakula tu, hatamani kitu asichokijua. Kisha mke wa Curley, mwanamke ambaye kitabu hakikumpa hata jina, anamkumbusha kwamba neno moja lake linatosha anyongwe mtini. Crooks anaomba jina lake lifutwe kwenye mpango. Kile kitabu cha sheria kiko palepale rafuni.

Nina lawama moja kwa Steinbeck. Bonde la Salinas la miaka ile lilikuwa limejaa Wafilipino, Wameksiko na Wajapani. Mwaka 1934 vibarua Wafilipino waligoma kwenye mashamba ya letusi hapohapo, na kambi yao ikachomwa moto. Hao hawamo bwenini mwa George.

Mwisho mnaujua. Lennie amemuua mke wa Curley bila kukusudia, Curley anataka damu, na George atampiga risasi rafiki yake kabla wengine hawajamfikia. Lakini kuna maongezi ya nusu ukurasa kabla ya hapo, bandani, mbele ya maiti, ambayo watu huyapita haraka wakikimbilia bastola. Candy anamuuliza George: mimi na wewe bado tunaweza kulipata lile shamba, siyo? Kihesabu, jibu ni ndiyo. Fedha za Candy hazijapungua, bei ya shamba haijapanda, na mdomo wa kulishwa umepungua mmoja. George anasema atamaliza mwezi wake, achukue dola hamsini zake, akakeshe mjini kwa wanawake. Hasira za usiku ule wa mtoni zimegeuka mpango.

Wanaume wanatoka kumsaka Lennie. Candy anabaki, anajilaza kwenye nyasi kavu na kufunika macho kwa mkono wake. Mwisho wa mwezi hamsini zake zitaingia. Jumla, mia tatu na hamsini.