Kuchagua chuo ukiwa mkimbizi nchini Kenya: anza na cheti chako

Tangazo la ufadhili likibandikwa, swali linalosikika Kakuma na Kalobeyei ni lile lile: "Chuo gani ni kizuri?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: chuo gani kinaweza kukupokea kwa cheti ulicho nacho, katika kozi inayotambuliwa, nawe ukaimaliza? Anayeruka swali hili anaweza kutumia akiba ya familia nzima na miaka miwili au mitatu, kisha akaambiwa karatasi aliyopata haimpi kazi wala haimruhusu kuendelea na masomo.

Maelezo haya ni ya wakimbizi na waomba hifadhi walioko Kenya. Ndugu zetu wenyeji wa Turkana, sehemu za kozi na malipo zinawahusu ninyi pia.

Cheti chako kinasomekaje hapa?

Ukiwa umefanya KCSE hapa Kenya, kambini au nje ya kambi, huhitaji ulinganisho wa cheti. Alama yako inajieleza: kwa kawaida shahada huanzia C+ ya jumla na diploma huanzia C-, na kozi nyingi zina masharti ya ziada kuhusu masomo fulani, kama hisabati au biolojia.

Ukiwa umesoma Kongo, Burundi, Sudan Kusini, Somalia au Ethiopia, cheti chako cha sekondari lazima kilinganishwe na cha Kenya. Kwa muda mrefu kazi hii imefanywa na Baraza la Mitihani, KNEC. Shahada au masomo ya chuo kikuu uliyopata nje yamekuwa yakishughulikiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kabla ya kulipia ulinganisho wowote, andikia ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka uwaulize wanakubali barua ya taasisi ipi. Jibu lao lihifadhi kwa maandishi.

Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kiarabu kitahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Tafsiri ya rafiki anayejua lugha haitoshi, hata kama ni sahihi kuliko ya ofisi.

Wakongomani wajihadhari na neno moja. Diplôme d'État ni cheti cha kumaliza sekondari. Hapa Kenya diploma ni masomo ya chuo baada ya sekondari. Ukijaza kwenye fomu kwamba "una diploma", afisa wa udahili ataelewa kwamba tayari umesoma chuo, ataomba karatasi ambazo huna, na ombi lako litakwama. Andika kwamba una cheti cha kumaliza sekondari cha Kongo, kisha utaje jina lake la Kifaransa. Wala usijigeuzie asilimia zako kuwa alama ya Kenya kwa kukisia. Subiri barua ya ulinganisho ndipo uchague kozi, kwa sababu barua hiyo ndiyo itakayosema kama mlango wako ni wa shahada, diploma au cheti cha ufundi.

Halafu kuna majina. Hili linachelewesha watu kuliko karo. Kwenye cheti umeandikwa majina matatu, kwenye usajili wa familia mawili, na herufi moja imebadilika kwa sababu aliyekuandikisha siku ya kuwasili aliandika alivyosikia. Linganisha karatasi zako zote leo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kama kuna tofauti, nenda Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS, uulize utaratibu wa kusahihisha. Mahali pengine hati ya kiapo itakubaliwa, lakini usiifanye kuwa dawa ya kila kitu.

Je, kozi yenyewe imeidhinishwa?

Chuo kikuu kinaweza kuwa halali huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa. Watu wengi huangalia jina la chuo tu na kuishia hapo. CUE huweka kwenye tovuti yake orodha ya vyuo vikuu vinavyotambuliwa na pia orodha ya programu zilizoidhinishwa. Tafuta kozi yako kwa jina lake kamili. Kwa vyuo vya ufundi na vyuo vya kati, mamlaka inayosajili ni TVETA. Muulize mkuu wa chuo namba ya usajili, kisha uliza mtihani wa mwisho hutungwa na nani: KNEC, TVET CDACC, KASNEB, NITA, au chuo chenyewe? Chuo cha chumba kimoja juu ya duka mjini kinaweza kuwa kimesajiliwa vizuri, na chenye jengo la vioo kisiwe.

Kwa taaluma zinazohitaji leseni kuna mlango wa tatu. Uuguzi, mtafute kwenye orodha ya Baraza la Wauguzi. Uhandisi, Bodi ya Wahandisi. Ualimu, uliza masharti ya usajili ya TSC kwa mtu asiye raia. Hapa nasisitiza: uliza kabla ya kuanza, si mwaka wa nne. Kusoma kozi kunaruhusiwa mara nyingi; kupata leseni ya kuifanyia kazi ni jambo lingine.

Kwa Wakenya waliofanya KCSE, njia ya kawaida ni KUCCPS, na mikopo ni ya HELB. Mwenye cheti cha nje huomba moja kwa moja katika ofisi ya udahili ya chuo. Kwa wote wawili, kuna chuo cha umma kilicho karibu kuliko Eldoret au Nairobi: Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, Lodwar. Karibu maana yake nauli kidogo na kulala nyumbani wakati wa likizo. Usikidharau kwa sababu tu majirani hawajakisifu.

Gharama yote

Omba muundo wa karo wa miaka yote, si wa muhula wa kwanza. Uliza swali hili waziwazi: "Mkimbizi analipa karo ya Mkenya au ya mwanafunzi wa kigeni?" Vyuo vinatofautiana, na tofauti yenyewe inaweza kuwa kubwa. Omba jibu kwa barua au barua pepe. Neno la mtu wa mapokezi halitakusaidia mwaka wa pili atakapokuwa amehamishwa.

Kisha ongeza yale yasiyo kwenye karatasi ya karo: hosteli, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, kompyuta, intaneti, ada ya mitihani, gharama za kuishi wakati wa mafunzo kazini, na ada ya mahafali. Mafunzo kazini yanasahaulika sana. Ni miezi unayokaa mji mwingine bila mshahara.

Lipa kwenye akaunti ya benki au namba ya malipo iliyo kwenye barua ya chuo na pia kwenye tovuti yake. Anayekwambia utume pesa kwenye simu yake "akushikie nafasi" ni dalali au mwizi.

Kitambulisho na kibali cha kutoka

Fomu nyingi za wanafunzi wa kigeni hudai pasipoti. Usiache pengo na usiandike namba ya kubuni. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwamba una kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na serikali ya Kenya, uulize ni hati gani wanakubali badala yake.

Na usiende ubalozi wa nchi uliyoikimbia kuomba pasipoti kwa ajili ya fomu ya chuo. Ibara ya 1C ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inasema mtu akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Zungumza kwanza na mtoa msaada wa kisheria kambini.

Kusoma nje ya kambi kunahitaji kibali cha kusafiri kutoka DRS. Beba barua ya udahili yenye tarehe za muhula, na uombe mapema. Mafunzo kazini yakikupeleka kaunti nyingine, uliza kama kibali chako kinafika huko.

Ufadhili, na kusoma nje ya Kenya

DAFI ni ufadhili ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, ukisimamiwa na UNHCR. Unalenga shahada ya kwanza katika nchi ya hifadhi, na Kenya umekuwa ukiendeshwa kupitia Windle International Kenya. WUSC, ya Kanada, ilianza mpango wake wa wanafunzi wakimbizi mwaka 1978; anayechaguliwa huingia Kanada akiwa mkazi wa kudumu. Kuomba yote mawili ni bure. Tangazo huwa na siku chache, kwa hiyo anayeanza kutafuta tafsiri ya cheti siku ya tangazo amechelewa.

Nafasi nyingine za nje huja na viza ya mwanafunzi, ambayo ina mwisho. Utahitaji hati ya kusafiria ya Mkataba, inayoombwa kupitia DRS. Nchi iliyotoa hati hiyo inapaswa kukupokea tena wakati bado haijaisha muda. Kwa hiyo, kabla ya kupanda ndege, weka tarehe tatu kando kwa kando: mwisho wa kozi, mwisho wa viza, na mwisho wa hati. Kama hati itaisha kabla ya kozi, uliza DRS namna ya kuihuisha ukiwa huko, ukiwa bado upo hapa.