Cheche Bila Platini

Kwa zaidi ya miaka 60, gari la petroli liliwaka au likagoma kwa sababu ya mwanya usiofika nusu milimita. Mwanya huo ulikuwa kati ya ncha mbili za chuma ndani ya distribyuta. Mafundi wa Kariakoo na wa Grogan waliziita platini, na waliupima kwa walichonacho: mwenye geji aliingiza geji, asiye nayo alichana kipande cha pakiti ya sigara. Leo mwenye Peugeot 404, Volkswagen Beetle au Land Rover ya miaka ya 1960 anaweza kung'oa platini na kuweka mahali pake kidude cha elektroniki kinachojificha chini ya kifuniko kilekile. Wapenzi wa magari ya kale hawajaacha kubishana kuhusu jambo hilo, na wengi hudhani platini iliondolewa kwa kuwa iliwachosha madereva. Ingekuwa hivyo, ingeondoka mapema sana.

Tatizo la cheche lina umri sawa na gari lenyewe. Gottlieb Daimler aliwasha injini zake za kwanza kwa kimrija kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Karl Benz alichagua betri na koili kwa gari lake la 1886. Miaka miwili baadaye mkewe, Bertha, alilichukua gari pamoja na wanawe wawili wakaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita zipatazo 100, na inasimuliwa kwamba waya wa cheche ulichubuka njiani naye akaufunga kwa mkanda wa soksi yake. Kisha ikaja magneto, inayofua umeme wake yenyewe kwa kuzungushwa na injini. Karakana ya Robert Bosch ya Stuttgart ilifunga yake ya kwanza barabarani mwaka 1897, kwenye De Dion-Bouton ya magurudumu matatu, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akatoa magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake. Kilikuwa chombo imara lakini ghali, na mtu alipopiga hendeli asubuhi ya baridi, injini ikizunguka polepole, cheche yake ilikuwa hafifu.

Aliyeipa platini enzi yake ni Charles Kettering, Mmarekani aliyekwisha kutia mota ya umeme kwenye mashine za kupokelea fedha madukani. Akiwa na mwenzake Edward Deeds, katika banda nyuma ya nyumba ya Deeds mjini Dayton, Ohio, alibuni mfumo wa betri ambao Cadillac iliuweka kwenye magari yake ya 1910. Kampuni waliyoianzisha ndiyo Delco. Mfumo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Umeme wa betri unapita kwenye koili, katika waya mnene uliozungushwa mara mamia kadhaa, na kujenga nguvu ya sumaku. Kemu ya distribyuta inaisukuma platini ifunguke. Umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na kwenye waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara ndani ya koili hiyohiyo zinazuka volti 20,000 hivi. Rota inazipeleka kwenye plagi ya silinda iliyo zamu. Kondensa humeza umeme unaotaka kuruka pale ncha zinapoachana, maana bila hiyo zingeungua upesi na cheche ingedhoofika.

Hata hivyo zinaungua. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inadai cheche 200 kila sekunde, na kila mara platini inakata umeme wa ampea 3 au 4. Upande mmoja unachimbika, mwingine unaota kijilima. Kile kiguu kinachosuguana na kemu kinalika, mwanya unapungua, cheche inaanza kuchelewa. Dereva haoni kitu. Anachokiona ni kwamba petroli inakwisha haraka, kilima alichokipanda kwa gia ya tatu sasa kinataka ya pili, kisha siku moja gari linapiga misi. Dawa yake ilikuwa msasa kidogo, geji, na kufunga skrubu.

Kwa hali hiyo tungetarajia barabara mbaya ziwe kaburi la platini. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yanaonyesha kinyume. Peugeot 404, gari la familia lililotoka kiwandani na platini zake, lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, mvua na tope viliacha magari 7 tu yakifika mwisho. Nick Nowicki ndiye aliyeshinda mara zote mbili. Kwa mawazo yangu hakuna utetezi bora wa platini kuliko huo: kitu kinachoharibika polepole, na kinachotengenezeka kwa bisibisi kando ya barabara, ndicho kinachofaa porini.

Mageuzi yalianzia kwenye viwanja vya mbio. Transista ilizaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lucas ya Uingereza ilikuwa imeitia kwenye injini za Formula One, zilizozunguka kwa kasi ambayo springi ya platini haikuweza kuifuata. Marekani nayo ilianza kuuza mifumo kama hiyo kwa wateja wa kawaida. Pontiac ya 1963 ilikuwa nayo kwa aliyetaka kulipia. Wengi hawakutaka. Transista za wakati huo hazikupenda joto la chini ya boneti, na platini mpya ziligharimu fedha kidogo.

Kilichoimaliza platini ni sheria ya hewa. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza moshi wa magari, na viwanda vikatakiwa vihakikishe kwamba gari linabaki safi kwa maili 50,000, kama kilomita 80,000. Sasa kale kamwanya kanakopungua kimyakimya kakawa tatizo la mwenye kiwanda, kwa sababu cheche iliyokosa hutupa petroli mbichi kwenye ekzosi, na petroli hiyo huua kifaa cha kusafisha moshi. Hakuna kampuni iliyoweza kumshurutisha mteja awe anafungua distribyuta. Chrysler iliweka elektroniki kwenye magari yake yote ya modeli ya 1973, na General Motors ikafuata kufikia 1975. Kwetu Afrika Mashariki platini iliendelea kwa miaka mingi zaidi, maana sheria hiyo haikutuhusu na spea zilikuwepo.

Vifaa vya kubadilishia magari ya zamani vilitokea katika kipindi hichohicho. Lumenition ya Uingereza ilitumia mwali usioonekana unaokatwa na kisahani kinachozunguka. Pertronix ya Marekani ilifuata njia ya sumaku: kipete chenye sumaku ndogo huvishwa kwenye kemu chini ya rota, na kihisi kilicho kando yake huhisi kila sumaku inapopita. Kanuni ya kihisi hicho iligunduliwa na Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mwaka 1879, kabla gari la Benz halijazaliwa. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika, na kondensa haihitajiki tena.

Kufunga ni kazi ya saa moja, na kuunguza ni kazi ya sekunde. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi; ukiyawekea kifaa cha magari ya hasi, kinakufa ufunguo unapozungushwa. Koili nayo lazima ilingane, kwani yenye ukinzani mdogo kuliko kifaa kinavyotaka itakipikia ndani kwa ndani, na kuacha swichi wazi injini ikiwa imezimwa hufanya hivyohivyo. Geji ya mizunguko kwenye dashibodi inaweza kugoma. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitilii mkazo: vile vyuma vya kutangulizia cheche, vilivyo chini kabisa ya distribyuta, vinabaki vilevile. Kama vimeganda kwa kutu, elektroniki itapiga cheche safi kwa wakati usiofaa.

Mimi ningeiacha platini kwenye gari la maonyesho linalotoka Jumapili, maana hapo raha yake ni kuliona kama lilivyotoka kiwandani. Kwenye gari linalotembea masafa ningeweka kidude bila kusita, hasa kwa kuwa kondensa nyingi zinazouzwa sasa ni za ubora wa chini na hufa upesi. Lakini elektroniki haitoi ilani: inafanya kazi vizuri mpaka dakika inapoacha kabisa, na msasa hauisaidii. Bamba la platini ya zamani, limeshapimwa mwanya na likiwa na kondensa yake, linaenea kwenye kopo la maziwa ndani ya buti, na kulirudisha mahali pake kunataka skrubu mbili na waya mmoja.