Majina ya Ujamaa katika Vitabu vya Kuhesabu Watu



Katika toleo hili la kumbukumbu tunaandika juu ya jambo lililosumbua familia nyingi zilizopitia Bwera na Kasese: namna ujamaa wetu unavyoandikwa katika karatasi za kuhesabu watu.

Kuhesabiwa si jambo geni huku. Wakoloni walihesabu watu wa Uganda mwaka 1911, 1921 na 1931, wakiwategemea sana machifu, kisha 1948 na 1959. Serikali huru ikaendelea hadi hesabu ya 2024. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, hesabu ya mwisho ya Kongo ilikuwa ya mwaka 1984. Kwa hiyo anayetafuta jamaa zake hubaki na vitabu vya ubatizo, kadi za zamani na orodha za kambi.

Karani huuliza: huyu ni nani kwa mkuu wa nyumba? Mama anajibu: mtoto wangu. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, na ndugu mdogo wa baba ni baba. Safari nyingine, mbele ya karani mwingine, mama huyo huyo anasema: huyu alizaliwa na dada yangu. Faili inasimama, mama anaitwa mwongo. Hakudanganya mara ya kwanza wala ya pili. (Hata neno binamu tulilipata kutoka Kiarabu.)

Majina nayo yana hesabu yake. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja waliotenganishwa na mpaka, na kwa desturi yao mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa kwa mama yake. Mvulana wa kwanza huitwa Baluku au Mumbere. Wa pili ni Bwambale, ambaye ng'ambo huitwa Kambale. Wa tatu ni Masereka au Kasereka, wa nne Kule au Kakule. Wasichana wana majina yao, kama Masika na Biira. Basi Kambale si jina la ukoo. Kambale wawili wanaweza wasiwe na undugu wowote, na watoto wa tumbo moja wakaonekana kama wageni katika orodha. Tena mzee mwenye wake wawili anaweza kuwa na Mumbere wawili nyumbani. Kumfuta mmoja kwa kudhani ameandikwa mara mbili ni kumnyima mtoto posho.

Lakini faida yake ni kubwa kwa wanaotafuta watoto waliopotezana na wazazi. Orodha ikionyesha Kambale na Kakule wa mama mmoja, Kasereka yuko wapi? Labda alifariki, kwa maana zamu haifutwi na kifo. Labda alibaki njiani. Labda jina lake lilibadilika, maana wako akina Muhindo, na mapacha wana majina yao. Karatasi haiwezi kujibu, ila inamwonyesha karani swali la kuuliza.

Tunawaomba wafanyakazi wa misaada waandike njia nzima: mtoto wa dada yake wa tumbo moja, mtoto wa ndugu wa mume. Nao wakazi wataje zamu ya kila mtoto, pamoja na wasiokuwapo. Wazee wa kamati watakaa kando ya meza siku ya kuandikisha, kwa lugha ya Kinande na Lukonzo.