Mkono wa Mwisho: Wajibu wa Aliye Mbali katika Historia ya Manika

1.0 Utangulizi

Mtu anapojiua kwa kitu alichokinunua katika duka la intaneti, baada ya kuonyeshwa njia na mtambo wa kutafutia habari, je, mwenye duka na mwenye mtambo wana la kujibu? Swali hili limekwisha kufika mahakamani na bungeni katika nchi kadhaa. Wala si swali dogo, kwani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Wengi hulichukulia kuwa swali jipya lililozaliwa na mashine, lisilohusiana kabisa na mji wa migodi kama Kolwezi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sura ya swali hili ni kongwe, na kwamba wakazi wa Manika na ukanda mzima wa shaba wameishi nayo kwa takriban karne moja. Ni swali la mkono wa mwisho. Kifo kitokeapo mwishoni mwa mnyororo mrefu wa kuuza, kununua na kuelekeza, sheria huelekea kuutazama mkono uliogusa kifo mwisho, ambao mara nyingi ni mkono wa marehemu mwenyewe. Mikono iliyotangulia hujitetea kwamba ilikuwa ikifanya biashara tu. Hata hivyo, historia ya Lualaba yaonyesha kwamba wajibu wa walio mbali, ulipokuwapo na ulipokosekana, haukutokana na umbali wao. Ulitokana na jinsi kazi na biashara zilivyopangwa. Na lililopangwa na watu laweza kupangwa upya na watu.

2.0 Enzi ya kumpani

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na makao yake makuu yalikuwa Brussels. Katika miaka ya mwanzo kumpani hiyo ilitegemea vibarua wa muda mfupi. Wengi wao waliandikwa vijijini na mawakala, na kuanzia mwaka 1910 ilikuwapo taasisi maalumu ya kazi hiyo, Bourse du Travail du Katanga. Hivyo, kati ya kibarua na mwajiri alisimama mtu wa tatu. Vifo kambini vilikuwa vingi mno, na nafasi ya aliyekufa au aliyetoroka ilijazwa kwa kuandika mwingine.

Mnamo mwaka 1928 utaratibu huo ulianza kubadilika. Watu wa kuandikwa walikuwa adimu, na gharama ya kuwaleta kutoka mbali, hata kutoka Rwanda na Burundi, ilikuwa kubwa. Kumpani ikachagua kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba ya miaka mitatu, waje na wake zao, wapewe nyumba, posho, hospitali na baadaye shule za watoto. Afya ya mfanyakazi, ya mkewe na ya mwanawe iligeuka kuwa hesabu ya kumpani. Yafaa izingatiwe kwamba mabadiliko haya hayakuletwa na huruma peke yake, wala Brussels haikusogea hata hatua moja karibu na Katanga. Umbali ulibaki uleule. Kilichobadilika ni kwamba kifo cha mfanyakazi kilianza kuonekana katika daftari la aliye mbali.

Aidha, wajibu huo haukuwa bila ukali. Aliyelisha ndiye aliyeamrisha, na wafanyakazi waliogoma mwezi Desemba 1941 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walipigwa risasi. Hata hivyo, kumbukumbu ya kumpani kama mzazi ilikita mizizi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipochapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, alikipa jina la Kifaransa lenye maana ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo lina utamu na uchungu kwa pamoja: anayelalamika kuachwa ni yule aliyewahi kuwa na wa kumdai.

3.0 Kumegwa kwa wajibu

Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitwaliwa na serikali, na likazaliwa shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 shirika hilo lilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha yakaja maporomoko ya mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990, uporaji wa mwaka 1991, na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Wakati huohuo, Sheria ya Migodi ya mwezi Julai 2002 ilimtambua mchimbaji mdogo, yule aitwaye kwa Kifaransa creuseur. Alitakiwa kuwa na kadi na kuchimba katika eneo lililotengwa. Kwa yakini, sheria hiyo ilimpa riziki mtu aliyekuwa hana kazi. Lakini papo hapo uliundwa mnyororo ambao ndani yake hakuna mwajiri. Mchimbaji humwuzia mchuuzi wa madini; mchuuzi hupeleka magunia depo; depo huuza kwa kiwanda; kiwanda husafirisha kwa msafishaji wa ng'ambo; msafishaji humwuzia mtengenezaji wa betri; naye huwauzia watengenezaji wa simu, kompyuta na magari. Kila mmoja hulipa alichopokea na kumjua jirani yake tu. Wajibu ambao zamani ulikuwa mzigo wa mmoja umemegwa vipande vidogo, hata hakuna anayehisi uzito wake.

Mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ni mfano ulio wazi. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyechimba shimo katika kiwanja chake alikuta madini ya kobalti. Muda si muda, mashimo yalipenya chini ya nyumba, chini ya njia, chini ya vitanda vya watu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta, na ununuzi wa madini yake ukawekwa mikononi mwa kampuni ya Congo Dongfang, tanzu ya kampuni ya Kichina ya Huayou.

Tarehe 27 Juni 2019, maporomoko katika mgodi wa Kamoto Copper Company, ulio chini ya Glencore, yaliwaua wachimbaji zaidi ya 35. Katika taarifa zilizotolewa, marehemu hao waliitwa watu walioingia bila ruhusa. Neno hilo ni kweli kisheria. Lakini lilifanya kazi ileile ifanywayo na methali isemayo kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe: liliurudisha msiba wote kwenye mkono wa mwisho, na aliyekuwa akingoja gunia hakutajwa.

4.0 Kesi ya mwaka 2019

Mwezi Januari 2016 shirika la Amnesty International, likishirikiana na shirika la Kikongo la Afrewatch, lilitoa ripoti iliyofuata kobalti ya Lualaba kutoka mashimoni, kupitia kwa Huayou, hadi kwenye betri. Tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kwa kampuni yoyote kubwa kusema kwamba haijui. Wala sheria zilizokuwapo hazikuwa zimeigusa kobalti: sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya vita, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017, zote zilishughulikia bati, tantali, tangisteni na dhahabu tu.

Mwezi Desemba 2019 kesi ilifunguliwa mjini Washington kwa niaba ya walalamikaji 14 wa Kongo, wazazi wa watoto waliokufa na watoto waliolemaa katika machimbo ya kobalti. Walioshtakiwa walikuwa Apple, Dell, Microsoft, Tesla na Alphabet. Huyo wa mwisho ndiye mmiliki wa Google, mtambo wa kutafutia habari unaotumiwa kuliko mingine yote duniani. Hivyo basi, kabla wengi hawajauliza kama mtambo wa aina hiyo unawajibika kwa roho ya anayeutumia, familia za Kongo zilikuwa zimeuliza kama mmiliki wake anawajibika kwa roho ya anayechimba.

Sheria iliyotegemewa ilimhusu mtu anayenufaika kwa kujua kutokana na kushiriki katika shughuli yenye kazi ya kulazimishwa. Mzigo wote wa kesi ukaangukia maneno mawili: kujua na kushiriki. Mwezi Novemba 2021 mahakama ya mwanzo iliitupilia mbali. Tarehe 5 Machi 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba walalamikaji walikuwa na haki ya kusikilizwa kuhusu fidia, lakini ikaamua kwamba kununua kiasi kisichotajwa cha kobalti kupitia mnyororo wa biashara wa dunia si kushiriki katika shughuli hiyo. Uhusiano wa mwuzaji na mnunuzi, kwa maoni ya mahakama, haukutosha.

Mtu aweza kuufahamu uamuzi huo na bado akaona lililofichika ndani yake. Kadiri mnyororo unavyorefushwa, ndivyo kushiriki kunavyopungua. Anayetaka kuepuka wajibu hahitaji kutenda mema zaidi. Yatosha aongeze mkono mmoja kati yake na shimo.

5.0 Duka, mtambo na kujiua

Hoja hiyohiyo hukutwa katika mashauri ya kujiua. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1996, katika kifungu chake cha 230, iliwakinga wenye mitandao dhidi ya kushtakiwa kama wasemaji wa maneno ya watu wengine. Kuhusu maduka, mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini Seattle iliitupilia mbali kesi moja ya familia zilizofiwa dhidi ya Amazon. Kitendo cha makusudi cha marehemu kilipewa uzito kuliko uuzaji. Hoja hizo ziliendelea kubishaniwa katika mahakama nyingine.

Mtazamo wa mkono wa mwisho ulikuwapo pia katika Afrika ya Mashariki, tena kwa sura kali zaidi. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyestahili daktari aliweza kupelekwa mbele ya hakimu, na hakuna aliyeulizwa nini kilimfikisha pale.

Lakini ipo mifano ya kinyume. Nchini Sri Lanka serikali haikungoja mkono wa mwisho. Ilipiga marufuku kwa awamu dawa za mashambani zilizo hatari zaidi, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilipungua kwa takriban asilimia 70. Mavuno hayakushuka. Wajibu uliwekwa sokoni, na watu wakaishi. Mwezi Aprili 2010, Google yenyewe ilianza kuonyesha namba ya simu ya msaada kwa Wamarekani waliotafuta habari za kujiua. Jambo hilo lilikuwa jema, nalo lilikuwa pia ushahidi: mtambo unaoweza kutambua swali la mtu aliyekata tamaa hauwezi tena kudai kuwa ni kioo kisichoona. Mwaka 2023 Uingereza ilitunga Sheria ya Usalama Mtandaoni, ambayo inawatwika wajibu wenye mitandao ya jamii na vilevile wenye mitambo ya kutafutia habari.

Tofauti kati ya mashauri haya na yale ya migodi haifai kupuuzwa. Mchimbaji wa Kasulo hataki kufa, anatafuta chakula. Aliyekata tamaa ana maumivu ya aina nyingine, nayo yahitaji watu wa kumsikiliza, si kufungiwa duka tu. Kinachofanana ni nafasi ya aliye kati: anapata faida, ana uwezo wa kuona, na anasema hakushika kitu.

6.0 Hitimisho

Kiswahili kina maneno yanayosaidia kulitatua fumbo hili. Lawama hutazama nyuma: hutafuta aliyekosa baada ya msiba. Dhamana hutazama mbele: mtu husimama kwa ajili ya mwenzake kabla deni halijaanguka, ingawa deni si lake. Mahakama za Washington ziliulizwa juu ya lawama, na kwa lawama umbali ni ngao. Kinga ya kifo, iwe cha shimoni au cha kujiua, ni suala la dhamana, na dhamana haipimwi kwa umbali. Hupimwa kwa uwezo wa kuzuia.

Uwezo huo upo. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wote wa kobalti ili kunusuru bei, na mwezi Oktoba ikaweka mgao kwa kila msafirishaji. Yaani mnyororo uliosemekana kuwa mrefu mno usidhibitike uligeuka kuwa na lango, na lango likafungwa. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Novemba 2025, watu wasiopungua 32 walikufa daraja lilipoporomoka katika machimbo ya Kalando, Lualaba. Lango linaloweza kufungwa kwa ajili ya bei laweza pia kufungwa kwa ajili ya roho za watu. Ndivyo ilivyo kwa duka na mtambo: wenye kuhesabu kila kilichouzwa na kila kilichotafutwa wamekwisha kuwa na daftari. Linalobaki ni kuamuliwa kwamba kifo nacho kiandikwe humo, kama kilivyoandikwa katika daftari la Brussels, kwa sababu zake, mnamo mwaka 1928.